Si kila Mbritania ni Mwingereza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie mazoea ya magazeti na redio zetu hapa Uganda ya kumwita Mwingereza kila mtu atokaye London, Cardiff au Glasgow. Uingereza yenyewe ni sehemu moja tu ya Ufalme wa Muungano, pamoja na Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Mbritania ni raia wa dola iliyoanza mwaka 1707, bunge la Uskoti lilipounganishwa na la Uingereza. Mwingereza ni mtu wa taifa lililokuwapo karne nyingi kabla ya dola hiyo. Sisi tungepaswa kulielewa jambo hili upesi, kwa sababu mtu wa Gulu au Arua hakubali kuitwa Muganda, ingawa Buganda ndiyo iliyoipa nchi yetu jina. Hata mmisionari Alexander Mackay, aliyefika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1878, bado anatajwa na wengi kuwa Mwingereza, ilhali alikuwa Mskoti, mzaliwa wa kijiji cha Rhynie.

Tofauti hii imewagusa watu waliotoka hapa hapa kwetu. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, watu wapatao 28,000 walipokewa na Ufalme wa Muungano, wengi wao wakiwa na pasipoti za Britania. Pasipoti hiyo iliwaingiza katika dola, lakini haikuwafanya Waingereza machoni pa wenyeji: baraza la mji wa Leicester lilidiriki kuchapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwataka wasiende kuishi huko. Walikwenda hata hivyo, na mji huo sasa ni maskani ya watoto na wajukuu wao. Wapo bado wanaoshikilia kwamba Ubritania hupatikana kwa sheria ila Uingereza wa mtu ni wa damu, na kwa maoni yangu huo ni udhalimu, kwa kuwa aliyezaliwa na kulelewa Leicester anastahili kujiita vyote viwili.

Waingereza wenyewe hawashiki sana mpaka huo. Katika sensa ya mwaka 2011, takriban asilimia 58 ya wakazi wa Uingereza na Wales walijitaja kuwa Waingereza tu. Mwaka 2021 wakawa asilimia 15 hivi, na sababu mojawapo ni kwamba safari hii jibu la Mbritania liliwekwa juu kabisa katika orodha. Mskoti hayumbishwi na mpangilio wa fomu kwa urahisi hivyo. Katika kura ya maoni ya mwaka 2014 kuhusu uhuru wa Uskoti, iliyokataliwa kwa asilimia 55, raia wa Uganda aliyekuwa mkazi halali wa Glasgow aliweza kupiga kura akiwa mtu wa Jumuiya ya Madola, ilhali Mskoti aliyehamia London hakuweza. Msomaji aliyeambiwa kwamba ni Waingereza waliopiga kura ataielewaje habari hiyo?

Nawaomba basi waandishi wako, habari ikihusu serikali, jeshi au pasipoti, waandike Britania au Ufalme wa Muungano. Na ikihusu timu ya soka ya Harry Kane, waandike Uingereza, kwa maana Waskoti wana timu yao.

Mwalimu wa historia,
Jinja