Udongo wa Dodoma upimwe hadi mvua inyeshe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utafiti wa kaboni ya udongo na gesijoto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, zinazotoka ardhini. Siku hizi huku Kongwa neno kaboni halikosekani kwenye mikutano ya vijiji, lakini wanaolitamka huwa wanazungumzia miti. Udongo wenyewe hausemwi, ingawa ile mita moja ya juu ya udongo wa dunia inakadiriwa kuwa na tani bilioni 1,500 za kaboni ya mboji, kuliko iliyomo angani na kwenye mimea yote.

Mimi ni bwana shamba mstaafu. Nimezunguka mashamba ya Kongwa na Mpwapwa tangu enzi za baiskeli. Ombi langu kwa wanaofadhili utafiti ni moja: anayekuja kupima udongo wetu apewe muda na fedha za kukaa hadi mvua za kwanza zinyeshe, na abaki mpaka mavuno.

Nasema hivi kwa sababu ya binti mmoja mtafiti aliyefika kijijini kwetu kiangazi kilichopita. Alianza kwa mtendaji, akatambulishwa kwa mwenyekiti, ndipo akaomba mashamba. Wapo waliomuuliza kama anatafuta madini, naye akawajibu kwa subira bila kuudhika. Alipigilia pete za chuma ardhini kuchukua udongo usiovurugika, akaukausha na kuupima uzito. Alitueleza kwamba asilimia ya kaboni peke yake haitoshi. Udongo ulioshindiliwa na kwato ni mzito kuliko uliolimwa, kwa hiyo usipojua uzito huwezi kusema ekari moja ina tani ngapi. Maelezo hayo yangenifaa sana nikiwa kazini.

Kisha akaja na fremu za plastiki, akazizamisha kidogo ardhini na kuzifunika kwa mfuniko wenye kitundu cha mpira. Alivuta hewa kwa bomba la sindano mara tu alipofunika, akavuta tena baada ya dakika kumi, ishirini na thelathini, mimi nikimshikia saa. Hewa iliingizwa kwenye vichupa ikapelekwa maabara. Jinsi gesi inavyoongezeka kutoka kichupa cha kwanza hadi cha mwisho ndiyo inayoonyesha ardhi imetoa kiasi gani. Kazi hii inataka nidhamu, na binti yule alikuwa nayo. Jua la saa saba hakulikimbia.

Oktoba fedha za mradi zikaisha, akafungasha. Mvua ikanyesha Desemba. Simlaumu hata kidogo, kwani ratiba ilipangwa na watu wa mbali wasioijua mvua ya Dodoma.

Mhariri, kupima pumzi ya udongo wetu kiangazi peke yake ni sawa na kwenda kuhesabu ng'ombe bomani saa sita mchana. Vijidudu vinavyoozesha mabaki ya mimea vimelala kwa ukame. Mvua ya kwanza ikiigusa ardhi iliyokauka miezi mingi, vinaamka kwa pamoja, na hewaukaa, yaani kaboni inayotoka kama gesi, huchomoka kwa wingi ndani ya saa chache, kisha hupungua siku zinazofuata. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. H. F. Birch, aliyekuwa mtafiti Muguga nchini Kenya, aliandika mwaka 1958 jinsi udongo uliokauka na kuloweshwa unavyoozesha mboji yake kwa kasi na kuachia naitrojeni, chakula cha mimea. Wanasayansi duniani wanaliita tukio hilo kwa jina lake mpaka leo. Wazee wetu wanaopanda uwele kabla mvua haijaanza huiwahi naitrojeni hiyo, kwa hiyo tunaongelea chakula na hewa kwa wakati mmoja. Inaniuma kwamba jambo lililoelezwa jirani na kwetu miaka mingi iliyopita bado linakwepwa na ratiba za miradi inayokuja kwetu.

Tatizo jingine ni hesabu za kuazima. Iko gesi iitwayo nitrasi oksaidi, inayotokana na mbolea za viwandani na samadi. Kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto kama kilo 273 za hewaukaa kwa kipindi cha miaka 100. Nchi isiyo na vipimo vyake hutumia kiwango cha jumla kilichowekwa na jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi. Mwongozo wa mwaka 2006 ulisema asilimia 1 ya naitrojeni iliyowekwa shambani ihesabiwe kuwa imetoka kama nitrasi oksaidi, iwe Kongwa au kwenye nchi za mvua nyingi. Marekebisho ya mwaka 2019 yakatenganisha: maeneo makavu asilimia 0.5, na maeneo yenye unyevu asilimia 1.6 kwa mbolea za viwandani. Maana yake ni kwamba kwa kiwango cha zamani mkulima wa nchi kavu alihesabiwa mara mbili ya kiwango hiki kipya. Vipimo vilipoongezeka ndipo hesabu ikabadilika. Je, tukipima hapa kwetu misimu kadhaa, tutapata ngapi?

Na tusiishie mashambani. Twendeni kwenye maboma. Watafiti waliopima maboma ya mifugo nchini Kenya walichapisha mwaka 2020 kwamba yanatoa nitrasi oksaidi nyingi, hata yale yaliyohamwa miaka mingi. Niliposomewa habari hiyo niliwaza maboma ya huku, samadi imerundikana hadi magotini, na nje ya ua shamba la mtama limepauka kwa njaa. Nilipokuwa kazini nilihimiza samadi itolewe bomani kwa ajili ya mavuno tu. Sasa ipo sababu ya pili, na nataka afisa ugani wa leo awe na takwimu ya hapa hapa ya kumwonyesha mfugaji.

Kongwa tunajua gharama ya kupanga mambo makubwa kabla ya kuijua ardhi. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi wao wa karanga kwa matrekta. Mvua haikutosha, na kiangazi udongo uligeuka mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya mashine. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Lakini ujuzi wa udongo wa nchi hii ulikuwepo kabla ya hapo. Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alisafiri Tanganyika mwaka 1935 na 1936 akichunguza udongo, na ndiye aliyeeleza jinsi unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi mbugani. Kwa hiyo sampuli chache zilizochukuliwa kando ya barabara haziwezi kusema kwa niaba ya wilaya nzima.

Haya yana uzito zaidi tangu kanuni za biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kuhifadhi kaboni kwenye miti au udongo, zilipotolewa mwaka 2022. Viongozi wa vijiji wanaletewa mikataba ya miaka mingi. Kaboni ya udongo huongezeka polepole mno; ili kuona tofauti ya kweli unahitaji miaka na kipimo sahihi cha mwanzo. Kijiji kikisaini kwa hesabu ya kuazima, kinaweza kupunjwa, au kikaahidi kisichowezekana na kudaiwa baadaye. Wajumbe waulize kabla ya kusaini: udongo wetu ulipimwa lini, kina gani, na msimu upi?

Uwezo wa kupima nchini upo. Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine. Hombolo kuna kituo cha utafiti wa kilimo na Mpwapwa kuna cha mifugo. Naomba taasisi hizi zitenge mashamba ya kupimwa mwaka mzima, msimu baada ya msimu: shamba la kuberega, lisilolimwa kabla ya kupanda na ambalo mabua huchomwa, lililolimwa kwa trekta, lenye mashimo ya Chololo, yaani vishimo vya kupandia, yaliyotiwa samadi, na boma la ng'ombe kando yake. Vichuguu vya mchwa navyo visisahaulike, vinatoa methani, gesijoto nyingine, ilhali udongo mkavu wenyewe huimeza kidogo.

Mtafiti akirudi chuoni, kazi isisimame. Vijana waliomaliza kidato cha nne tunao, na wanaweza kufundishwa kuvuta hewa kwa bomba la sindano, kuandika saa na joto la udongo, na kukimbilia shambani mvua ya kwanza inaponyesha, hata kama ni usiku wa Jumapili. Posho yao iwekwe kwenye bajeti ya utafiti tangu siku ya kwanza, pamoja na nauli ya mtafiti kurudi kusoma matokeo mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Bwana shamba mstaafu,
Kongwa, Dodoma