Malalamiko: mmeniuzia chokaa mie ninayekaa juu ya chokaa

Kwa Meneja,

Assalaam aleykum. Mie mteja wenu wa Jambiani, Unguja, nililipia kupimiwa udongo wa bustani ya mboga na ule wa ukoka mbele ya nyumba ya wageni, ili nijue niweke mbolea gani kabla sijapanda mboga za vuli. Risiti na karatasi ya majibu nimezipiga picha nimewatumia pamoja na barua hii. Naomba msome mpaka mwisho kwa sababu kwenye simu kila nikipiga naambiwa subiri fundi atakupigia na fundi hapigi.

Kwenye karatasi yenu juu pameandikwa pH, yaani kile kipimo cha tindikali ya udongo, ni 8.1. Chini yake, kwenye ushauri, pameandikwa niongeze chokaa kupunguza tindikali. Tindikali gani jamani? Udongo wenye tindikali ni ule wa chini ya 7, na kila namba moja pale ni mara kumi, kwa hiyo 8 iko mbali sana na 7. Mboga nyingi zinataka kati ya 6 na 7. Chokaa inapandisha hiyo namba, haishushi! Na huku kwetu ni maweni, ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe la matumbawe, na jiwe hilohilo ndilo wazee walikuwa wakilichoma kwenye tanuu wakapata chokaa ya kujengea. Mama mkwe wangu alichukua udongo wa pembeni ambao chokaa yenu haijafika, akaudondoshea siki, ukafoka povu palepale. Tone la siki limejua, nyinyi wenye mashine hamkujua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba vijana wenu walikuja na mifuko ya chokaa kwenye gari wakaimwaga kwenye vitalu, ndio kwanza karatasi ikatumwa baada ya hapo. Sasa majibu ya nini ikiwa dawa imeshaamuliwa? Tungule na bamia zilizokuwepo majani machanga yamekuwa manjano, mishipa tu ndio imebaki kijani, na hiyo ni njaa ya chuma, kwa sababu pH ikiwa juu chuma na zinki vinakuwemo ardhini lakini mizizi haivipati, hata fosforasi inashikwa na ile chokaa.

Halafu hata hiyo 8.1 siiamini vizuri. Kijana wenu alichukua udongo sehemu moja tu, tena pale tunapochomea taka, penye majivu, na majivu nayo yanapandisha pH. Nilimwambia kaka hapa si pazuri, akasema hakuna neno mashine inajua. Inatakiwa kuzunguka shamba, kuchota sehemu kumi mpaka kumi na tano, kina cha sentimita 15 hivi kwa mboga, 10 kwa ukoka, kuchanganya vizuri ndio unatoa sampuli. Na ukoka hamkuupima kabisa, mmeuandikia majibu yaleyale ya bustani, na pale mbele nilimwaga udongo mwekundu wa kuletwa na gari kutoka mashamba ya upande wa pili, haufanani hata rangi na huu wa maweni! Chumvi pia hamkupima na tuko karibu na bahari na maji ya kisima yana ladha ya chumvi.

Ninachotaka ni hiki. Pesa ya chokaa na ya kuimwaga irudi yote. Vipimo virudiwe bure, bustani sampuli yake na ukoka sampuli yake, na chumvi ipimwe, na ushauri uandikwe na mtu aliyesoma majibu. Chokaa ambayo bado iko juu juu mje muikwangue muondoke nayo, na kwa mboga zilizoharibika mlete samadi iliyooza vizuri ya kutosha vitalu vyote, maana kwa udongo huu samadi na mboji ndio vinasaidia. Na wateja wenu wengine wa Paje, Bwejuu na Makunduchi mliowauzia chokaa wapigieni simu nyinyi wenyewe kabla hawajaimwaga.

Namba yangu iko kwenye fomu. Huyo atakayekuja aje na ndoo ya plastiki, ile ya bati aliyokuja nayo mwanzo ina zinki na inaharibu kipimo cha zinki.

Mteja wenu, Jambiani