Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Theluji ya Diorama Zetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini baada yangu, na ratiba ya mikutano haibadiliki. Muda wangu nautumia kwa jambo lililoitawala meza ya ukaguzi mwaka huu: theluji inayoonekana kama chokaa.

Tutenganishe maneno kwanza. Mtaani theluji nayo huitwa barafu, lakini kwenye diorama, yaani mandhari ndogo za kuundwa kwa mkono, hivi ni vitu viwili. Theluji ni chembe zenye hewa katikati yake, haing'ai kama kioo. Barafu hupitisha mwanga. Anayetaka kuta za barafu za Kibo, kilele cha Kilimanjaro, zilizosimama wima na michirizi ya vumbi, anahitaji rezini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikiwa angavu, na hilo tumeliacha kwa mwaka ujao. Kazi nyingi zilizoletwa ni za vita vya Ardennes, eneo la misitu huko Ubelgiji na Luxembourg, katika skeli ya 1:35 (kila kitu ni kidogo mara 35 kuliko halisi), kwa hiyo nazungumzia hizo.

Kosa kubwa ni ukubwa wa chembe. Punje ya chumvi ya mezani ina milimita 0.3 hivi, izidishe mara 35, unapata sentimita moja. Hiyo ni mvua ya mawe. Sukari ina kasoro hiyohiyo, na juu yake huita sisimizi. Kamati inapendekeza maikrobaluni, yaani unga wa vipira vya kioo vilivyo tupu ndani. Unga huu huelea hewani, hivyo barakoa ni lazima na feni izimwe.

Baikaboneti ya soda ya jikoni tunaomba iachwe, ingawa ni rahisi kupatikana. Gundi nyeupe ya mbao ina tindikali kidogo. Soda ikiigusa hutoa gesi, na uso unabaki na vitundu kama mkate. Kwa wanachama wa pwani tatizo ni zaidi: unyevu huigandisha mabonge, na kazi nyingi za namna hii huelekea unjano kadiri miaka inavyopita.

Rojo lililokubalika ni hili: gundi nyeupe kipimo kimoja, rangi nyeupe ya akriliki kimoja, maji nusu, tone la sabuni ya vyombo, kisha maikrobaluni vipimo viwili au zaidi, mpaka liwe zito kama uji unaokaribia kuwa ugali. Likimwagika lenyewe kutoka kijikoni, ongeza unga. Paka tabaka lisilozidi milimita 2 na uliache likauke usiku kucha. Msimu wa mvua lipe siku mbili. Ukipaka nene kwa pupa, juu hukauka kabla ya chini, gundi inasinyaa, na nyufa zinatokea.

Kina chote kisitoke kwenye rojo. Theluji ya sentimita 30 katika 1:35 ni milimita 8.5 hivi, na katika 1:72 ni milimita 4 tu. Vilima vichonge kwanza kwa foamu au jasi, uvipake nyeupe, ndipo rojo lifuate. Gundi ya kupuliza yenye kiyeyushi msiiweke juu ya foamu tupu, huila mashimo.

Madoa ya kahawia yaliyojitokeza kwenye kazi kadhaa hayakutoka kwenye rangi. Majani ya chai yanayotumika kama majani makavu, pamoja na mbao za kitako, hutoa rangi yake yakilowa. Vipigwe vanishi isiyong'aa mara mbili kabla ya kitu chochote chenye maji kugusa hapo.

Alama za minyororo ya kifaru zikandamizwe rojo likiwa limeshika lakini bado laini, huku mnyororo umefunikwa kwa nailoni nyembamba ili usinase. Mwisho lowesha uso kwa gundi iliyozimuliwa kwa maji mara tatu yake, kisha chekecha maikrobaluni kavu kwa chujio la chai kutoka sentimita 30 juu, wima. Unga utaanguka mahali theluji ingeanguka: juu ya matawi, siyo chini yake. Kinyunyizio kikikaribia mno huchimba vishimo.

Majaji nao walikuwa na lao, na mimi naliunga mkono. Mashambulizi ya Wajerumani huko Ardennes ya 16 Desemba 1944 yalianza katika ukungu na matope; theluji nzito ni ya mwisho wa mwezi huo na Januari 1945. Kwa hiyo kibao chenye tarehe ile juu ya askari waliozama magotini kinapoteza alama. Vilevile kifuniko cha injini ya kifaru kinachotembea hakikai na theluji, kwa sababu joto huiyeyusha. Hapo weka unyevu wa vanishi inayong'aa na matope. Na nyeupe tupu haitoshi: kwenye mabonde gusia bluu kidogo sana, kiasi kwamba mtazamaji asiitaje.

Hoja mbili zinasubiri kura zenu. Ya kwanza, kila kazi ya theluji iletwe pamoja na kibao cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, vipimo vya rojo na tarehe vikiwa vimeandikwa nyuma. Ya pili, vibao hivyo vikae kabatini kwa chama na vikaguliwe kila mwaka, tuone kipi kimepasuka na kipi kimegeuka rangi.