Wasichana Wasifukuzwe Penye Spana

Mhariri,

Nawasihi wazazi wenzangu wasiwafukuze watoto, hasa mabinti, wanaposogelea sanduku la spana. Binti yangu, ambaye ni mtu mzima anayefanya kazi Kisumu, huja kwetu Nakuru kila mwisho wa mwezi tukalitengeneza pamoja gari langu kuukuu, Peugeot 504. Juzi tulibadilisha mafuta ya breki, kwani hunyonya unyevu na, yakipata joto kali mteremkoni, huweza kuchemka hata pedali ikadidimia bure. Yeye akikanyaga, mimi nikifungua nati ya kutolea hewa, gurudumu baada ya gurudumu, alinieleza dhiki ya kazini ambayo hakuwahi kuigusia kwa simu. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasafisha kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa.

Mzazi, Nakuru