Chukua Chumba Bwenini, Shoga Yangu

Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga.
14 Septemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo? Mama na wadogo zako hawajambo hapo Bagamoyo? Sisi huku ni wazima. Bibi amefurahi mno kusikia umechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anakuombea dua kila swala.

Mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Ila uliposema utalala nyumbani na kwenda chuo kila siku, moyo ukanipiga. Shoga, nakuomba, usifanye hivyo.

Mwaka wa kwanza mimi nilikaa kwa mama mdogo, Bunju, na Bunju ni karibu kuliko kwenu. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Daladala ya Mwenge inafika kituoni imeshajaa, Tegeta foleni, Mwenge unashuka kugombea gari jingine la kupanda Mlimani, chuoni kwenyewe. Kipindi cha saa moja asubuhi naingia saa moja na nusu, viti vimekwisha, nasimama nyuma nimelowa jasho. Siku moja ya mvua nilifika mlangoni kwenye chumba cha test, wenzangu wanakusanya karatasi. Somo lile nilipata sapu, nikarudia mtihani. Sasa wewe uanzie Bagamoyo, kilomita kama 60!

Mwaka wa pili nikapata kitanda bwenini, na hapo ndipo nikaujua usiku wa Mlimani. Giza likiingia watu wanatoka na madaftari kwenda kwenye vimbweta, zile meza na mabenchi ya zege, wanajadili mpaka usiku mkubwa. Kipindi chote cha Bunju sikuwahi kuuona usiku huo, maana muda huo nilikuwa nimesimama kituoni Mwenge.

Kuna usiku tulikuwa sita kwenye kimbweta, kesho yake mtihani wa takwimu. Binti mmoja wa Kigoma, darasani humsikii sauti, alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. Akazipukuchua punje, akazipanga mezani. "Wastani ni hapa," akasema, akaweka kifuniko cha kalamu. "Hizi zimekaa karibu naye. Hizi zimemkimbia. Unachotafuta ni zimemkimbia kwa kiasi gani." Mhadhiri alishalieleza jambo lile, mtawanyiko wa namba kutoka kwenye wastani, ubaoni na sikulishika. Kwa punje zile likaingia, na halijatoka hadi leo. Tulinyanyuka saa sita na nusu, na kitanda changu kilikuwa mwendo wa dakika tano.

Najua mama anahofia bweni litakuharibu. Mwambie mabweni ya kike yana wasimamizi na walinzi. Mwambie pia kwamba nilipobanwa na malaria saa nane usiku, wenzangu wa chumbani ndio walionishika mkono mpaka kituo cha afya cha chuo, na mmoja akakaa kitini hadi dripu ikaisha, ilhali asubuhi ana kipindi. Akitaka anipigie mimi mwenyewe, nitamweleza kwa adabu zote.

Lakini fanya haraka. Mabweni ya Magufuli yalipofunguliwa 2017 yaliongeza nafasi 3,840 katika majengo 20, na bado vyumba vinagombewa. Mfumo wa maombi ukifunguliwa, omba siku hiyohiyo. Fedha ya chumba itengeni nyumbani mapema, usingoje bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, linaweza kuchelewa. Wakikupangia mabweni ya Mabibo, pokea. Ni nje ya Mlimani na utapanda gari, lakini haifanani hata kidogo na safari ya Bagamoyo.

Njoo na ndoo, chandarua, shuka mbili na kanga za kutosha. Ukikosa kitanda kabisa, usirudi nyumbani. Njoo kwangu bwenini, tutabebana, tulale wawili kitanda kimoja mpaka upate chako.

Nisalimie mama sana.

Akupendaye,
Zuhura