Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Ufunguzi wa Maonesho ya Vimulimuli

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu bwaloni, na utuwie radhi kwa giza.

Ukitaja kimulimuli hapa Dar es Salaam, wengi hufikiria taa ya gari la msafara. Sisi tunamsema mdudu, wa jamii ya mbawakawa, ambaye tumboni mwake kemikali iitwayo lusiferini hukutana na oksijeni ikatoa mwanga usiounguza. Kwa aina nyingi, dume hutoa mmweko wa mwanga akiruka na jike humjibu kutoka majanini. Taa ya ulinzi ikimulika hapo, jibu halionekani na hawapatani. Watoto wao huishi kwenye udongo wenye unyevu wakila konokono. Zege likimwagwa, ndiyo basi.

Kazi unayoizindua ni chupa 12 za jamu, zenye lebo za mitaa iliyobeba majina ya miti: Mikocheni, Mwembechai, Mbuyuni na mingineyo. Kila chupa ina chipu ya 555 inayopanga muda wa kuwaka na kuzima, betri 4 za volti 1.5, kapasita (kitunza chaji) ya maikrofaradi 47, rezista (vizuia umeme) za kiloomu 68 na 4.7, na LED, yaani kitaa kidogo, ya kijani-njano yenye rezista yake ya omu 470. Vipimo hivyo hutoa mmweko wa sekunde 0.15 hivi, kila baada ya sekunde 2.5. Betri 3 hazifai: zikishuka chini ya volti 4.5 chipu husuasua. LED iungwe kati ya chanya ya betri na mguu wa 3 wa chipu. Ukiiunga mguu wa 3 na hasi, itawaka muda wote na kuzimika kidogo tu. Kimulimuli wa kinyume huyo. Kichwa cha LED kisuguliwe kwa msasa laini, la sivyo mwanga huchoma macho kama tochi ya simu.

Kapasita za bei nafuu hazilingani, kwa hiyo baada ya dakika chache kila chupa hushika mwendo wake. Hilo tumeliacha kwa makusudi, maana zingewaka pamoja zingekuwa taa za Krismasi.

Kila jioni tutachomoa betri za chupa moja na kuiacha mahali pake. Siku ya 12 yatabaki majina.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. Taa za nyuma ya bwalo zielekezwe chini na zizimwe saa nne usiku. Na majani ya kando ya mtaro yasifyekwe wala kupuliziwa dawa hadi mvua za masika ziishe.

Tunaomba kuwasilisha.