Baiskeli ya shokapu si chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Nawaomba wanunuzi wa vyuma chakavu hapa Moshi waitazame mara mbili baiskeli yenye shokapu kabla ya kuikata. Mwaka jana niliokoa baiskeli aina ya Trek ya miaka ya 1990, ile yenye fremu ya umbo la herufi Y, kwa bei ya kilo. Ndani ya foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, vipande vya mpira vya shokapu vilikuwa vimegeuka makombo kama ya andazi la juzi. Fundi mmoja alinicheka. Mwingine, mkereza vyuma, alinichongea bushi, yaani pete, za shaba za kiungio cha nyuma kwa asubuhi moja tu.

Ajabu ya fremu hii, pedali zimeshikwa na mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu la nyuma: ukisimama shokapu inakakamaa, ukiketi inacheza. Kwenye mabonde ya Kibosho nimejifunza kuketi! Nimeweka usukani mpana, sproketi moja mbele na raba mpya za breki. Breki za diski hazina pa kufungwa. Tairi za inchi 26 hazisumbui kupatikana. Kwa sasa natumia foki ya kawaida, isiyo na shokapu. Mwenye springi za foki ya zamani yenye shokapu asizipeleke kwenye mizani, aniuzie mimi.

Mwalimu mstaafu,
Moshi